Sanduku la Nyaya Nane

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kumbishia. Nalitanguliza hilo ili msomaji asije akafika katikati akaniona mtoto mbaya ghafla. Ubaya ulikuwepo tangu mwanzo.

Nilirudi nyumbani Kituntu mwishoni mwa miaka ya themanini, nikitokea Ujerumani. Nilikuwa na begi la nguo na kikasha kidogo nilichokipakata kwenye basi kutoka Bukoba mpaka Kayanga, nisikubali kipandishwe juu kwenye keria. Kondakta akaniuliza kuna nini cha thamani hivyo. Nikamwambia ni waya. Akanitazama, akasema, "Dada, waya hata Kayanga upo."

Waya wenyewe haukuwepo Kayanga. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, umepakwa dhahabu, umezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki. Nilipewa na wenzangu wa maabara siku ya kuagana, kwa sababu kufunga waya ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya miaka ile yote. Nilikwenda kule nikiwa mwalimu wa fizikia wa kuongezewa masomo, nikaishia kwenye chumba cheupe cha kutengenezea chemba.

Chemba ni boksi lisilopitisha hewa. Ndani unavuta nyaya nyingi, halafu unalijaza gesi na kuzipa nyaya umeme mkali. Chembe ndogo isiyoonekana kwa macho ikipita humo, inaacha chaji kwenye gesi, na chaji hizo zinasogea mpaka kwenye waya ulio karibu. Ukipima zilichukua muda gani kufika, unajua ile chembe ilipita umbali gani kutoka kwenye waya. Hiyo ndiyo habari yote. Ugumu uko kwenye usafi. Punje moja ya vumbi, au mafuta ya kidole tu, yanatosha kuufanya waya upige cheche.

Kwa hiyo chumbani mle tulivaa joho jeupe, glavu, na kitambaa mdomoni. Hatukuzungumza. Nilikuwa naweza kumaliza siku nzima sijatamka kitu isipokuwa namba ya waya niliofikia. Nikirudi chumbani kwangu najisemesha Kinyambo peke yangu nikiosha vyombo, ili tu nisikie sauti ya kwetu. Nilikuwa mpweke jamani, ila nilikuwa pia na kiburi. Chemba niliyopewa kusimamia ilikuwa yangu, na nilitaka iwashwe mimi nikiwepo.

Ndipo ikaja barua. Mama hajui kuandika, aliiandikisha kwa mwinjilisti. Ilisema baba anaumwa, haamki kitandani, na kila asubuhi ananiulizia. Njoo. Nikampelekea msimamizi wangu. Akaisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akasema, nenda, safari tutaipanga leo. Nikamwambia ningoje wiki tatu, chemba ijaribiwe kwanza.

Baba alifariki kwenye wiki ya pili.

Nikamwandikia mama kwamba nilinyimwa ruhusa. Niliandika hivyo kwa mkono huu huu, bila kutetemeka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka bahari, ikafika Kituntu kabla yangu, na ilipofika ikakaribishwa.

Siku niliyorudi, mama alinipeleka nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, akanionyesha pale baba alipolazwa kati ya migomba. Akasema, "Ni hapa." Halafu akarudi jikoni kumenya ndizi. Alikuwa ameshalia machozi yake yote na wenzake, nami nikaona haya kuanza mwenyewe. Majirani walikuja kunipokea. Walicheka, wakanishika mikono, wakaniuliza kama ni kweli kule maji yanaganda mtoni. Hakuna aliyenitajia baba. Kwao ule msiba ulikuwa umeisha zamani. Nilikuwa kama mtu aliyefika sokoni jioni, watu wamekwisha kukunja mikeka.

Kitu kimoja tu nilikitaka: nikae na mama, tumlilie baba wote wawili. Sikuweza, kwa sababu uongo wangu ulikaa kati yetu, tena mama alikuwa ameufanya sala. Kila tukikaa kula alifumba macho akashukuru kwa chakula, kisha akamwomba Mungu awasamehe wale Wazungu waliomzuia mtoto kumzika baba yake. Mchana na jioni, Jumapili mpaka Jumapili. Nilikuwa nameza ndizi kama nameza mawe. Mara nyingine nilitamani angewalaani, ningepumua kidogo.

Nilipangiwa kufundisha sekondari moja karibu na Kayanga, na likizo nikawa nyumbani. Hapo ndipo nikaamua kutengeneza chemba yangu, ndogo, ya nyaya nane. Mkuu wa shule nilimwambia ni kwa ajili ya wanafunzi, na haikuwa uongo kabisa. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka mama aione. Nilidhani akishaiona na kuisikia, nitapata mlango wa kumwambia.

Nilichukua chumba alichokuwa baba anawekea magunia ya kahawa. Nikaosha kuta, nikaosha sakafu mara nne, nikatundika mashuka mlangoni. Fundi wa karakana ya misheni alinikatia alumini, nikapata sanduku la ukubwa wa Biblia ile ya madhabahuni, lenye mfuniko wa kufunga kwa skrubu. Yeye huyo alikuwa na mtungi wa gesi ya agoni wa kuchomelea alumini. Sikuweza kubeba mtungi, kwa hiyo alinijazia gesi kwenye tyubu ya gurudumu la lori, nikapanda nayo basi mpaka Kituntu. Waliosema walisema. Mzee mmoja aliuliza kama mwalimu anakwenda kuogelea.

Agoni peke yake haitoshi, inahitaji mvuke wa pombe kali kidogo ili waya utulie. Pombe kali ya kwetu ni gongo la ndizi, na nyumba yetu ni ya Kilutheri tangu babu. Nilinunua kwa siri, nikaichemsha upya mara tatu ibaki kali tupu. Mama aliinusa kutoka uani. Akaja mlangoni, akanyanyua shuka kwa kidole kimoja.

"Kumbe nacho kinakunywa?"

"Kinanusa tu, mama."

"Hata baba mdogo wako alianza kwa kunusa," akasema, akaondoka.

Nilicheka peke yangu mpaka nikaacha kazi. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoniambia mwezi ule.

Kufunga waya mmoja kulinichukua siku nzima, wakati mwingine mbili. Unaupitisha, unauning'inizia nati ndogo ili uvutike sawasawa, halafu unaupiga lehemu pande zote. Nilipasha chuma cha lehemu kwenye jiko la mkaa nje, nikaingia nacho mbio. Ukikatika unaanza upya. Nilikata nyaya nyingi kuliko nilizofunga. Likizo ya kwanza ikaisha nina tatu. Ya pili ilipofika katikati, nilikuwa na zote nane, zimenyooka, zinang'aa ukiinamisha kichwa. Jioni nikamwambia mama, kwa furaha, "Kesho nakijaza." Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi nilikwenda Kayanga kuchukua betri ya gari niliyopeleka kuchajiwa. Niliporudi mchana nikasikia harufu ya moshi tangu uani. Ule moshi niliujua. Mama ni mzaliwa wa Nyakatuntu, kwa watu wa ng'ombe, na kwao chombo kipya hakitiwi maziwa hivi hivi. Kinafukizwa kwanza kwa majani makavu yanayowashwa kwenye kigae, kinafunikwa juu yake mpaka kishibe moshi, kisha kinapakwa samli kwa ndani. Chombo kisichofukizwa ni chombo cha mtu asiye na mama. Na mimi nilikuwa nimesema nakijaza.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ndani ya chumba changu, mashuka yamefungwa pembeni. Sanduku lilikuwa limeinamishwa juu ya kigae. Vidole vyake viling'aa samli. Nyaya mbili zilikuwa zimekatika na zimejikunja pembeni, sita zilizobaki zilikuwa nyeusi na zimelowa mafuta. Aliinua uso akatabasamu. Tangu nirudi sikuwa nimeliona tabasamu lile.

"Kilikuwa kinanuka vibaya," akasema. "Sasa kiko tayari."

Hasira hasara, kila mtu anajua, hata mimi nilijua. Nilimpokonya sanduku mikononi. Nilimfokea mama yangu mzazi. Nilimwambia ameniharibia kazi ya likizo mbili, kwamba hajui chochote, kwamba kitu hiki hakiguswi na mkono wa mtu. Hapo pangetosha. Lakini mdomo ulikuwa umeshika mteremko.

"Unajua nimekosa nini kwa sababu ya kazi hii? Waliniruhusu, mama! Waliniambia niende nikamwone baba, nikakataa mimi mwenyewe. Nilikaa nifunge nyaya kama hizi!"

Nilisikia mkaa ukipasuka kwenye kigae. Mama alifuta vidole vyake kwenye kanga, kimoja kimoja, bila haraka.

"Kumbe," akasema.

Akabeba kigae chake na kibuyu cha samli, akatoka. Jioni tulipoketi kula, alifumba macho, akashukuru kwa chakula, akasema amina. Wazungu hakuwataja. Alinisogezea sahani tukala.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi, pamoja na zile za ugenini. Kule nilikuwa mpweke kwa sababu watu wangu walikuwa mbali. Hapa mtu wangu alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anapuliza moto, na hasemi na mimi ila "karibu chakula." Nilimwomba radhi mara mbili. Mara zote mbili aliitika "haya," kama anavyomwitikia muuza chumvi. Nilitamani anipige.

Sikuwa na la kufanya, nikarudi kwenye sanduku. Nilikata nyaya zote, nikaliosha kwa sehemu ya gongo lililobaki mpaka samli ikatoka, nikaanza upya kutoka waya wa kwanza. Sikuwa tena na haja ya kumwonyesha mtu. Mikono ilitaka kazi tu.

Nilikuwa kwenye waya wa pili, nimeshaukata mara tatu, shuka la mlango likainuka. Mama alikuwa amenawa mpaka viwiko. Alikuwa amefunga kitambaa safi kichwani na kingine mdomoni, kama alivyoniona mimi.

"Nishike wapi?"

Nikamwonyesha. Akashika ncha ya waya kwa kibanio, akatulia tuli kama anamkamua ng'ombe mkali. Haukukatika. Tulifanya hivyo siku tano, siku nyingine nyaya mbili, mimi upande huu yeye upande ule, hatukuzungumza lolote nje ya "vuta" na "legeza." Vidole vyake vya kumenya ndizi vilikuwa vitulivu kuliko vyangu vilivyosomea.

Siku ya sita tulifunga mfuniko, nikapitisha gesi kutoka kwenye tyubu, ipitie kwenye chupa ya gongo, iingie sandukuni. Nikaunganisha betri na kikuza umeme, nikaunganisha na spika ya redio mbovu. Vyombo vya kupimia muda sikuwa navyo. Nilitaka nisikie tu. Nilipandisha volti taratibu. Mwanzoni kimya. Nikapandisha tena.

Tak.

Kisha mbili, kisha kimya, kisha nne kwa mfululizo. Nilimweleza mama kwamba ni chembe zinashuka kutoka juu angani, zinapita kwenye bati, kwenye sanduku, kwenye miili yetu, na haziumizi. Alisikiliza kwa muda mrefu, mikono imelala mapajani.

"Na kile cha kule," akauliza, "kililia hivi?"

Nilijua anauliza nini. Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Hapana, mama. Kilivuja. Siku ya kukijaribu kilivuja, wakakifungua, wakatoa nyaya zote. Hakikufanya kazi hata siku moja."

Aliendelea kuangalia spika. Akanyanyuka kwa kujishika ukutani, akatoka, nami nikazima umeme nikabaki nimekaa.

Asubuhi niliamka mapema nimsaidie palizi, kwa kuwa maharage yalikuwa yameshikwa na magugu. Nilipochukua jembe, mama alilitoa mkononi mwangu, akalilaza chini pembeni ya ukuta. Akalilaza na lake. Akatandika mkeka barazani, akaketi, akanionyesha kwa mkono nikae kando yake. Nilikaa. Kwetu hakuna anayelaza jembe msimu wa palizi ila kwa jambo moja.

Jirani yetu, mama mtu mzima kuliko mama yangu, akapita na jembe begani akielekea kwake. Akasimama kwenye njia, akatuangalia sisi, akaangalia majembe. Nilimwamkia, "Shikamoo."

"Kuna msiba hapa?" akauliza.

"Upo," mama akasema. Akaweka mkono wake mgongoni kwangu. "Huyu amefiwa na baba yake."

Jirani akashusha jembe lake begani, akalilaza kando ya yetu, akavua kandambili, akaja kukaa.