Mafuta ya Nguva ya Kocha Mwanaidi

Aibu niliyoipata Lugoba haina mfano, hata leo nikisikia neno kijiti nageuka nyuma kuona kama kuna anayenicheka, lakini ili mnielewe lazima kwanza nikiri kwamba kwa miaka mingi niliamini (na ningekula yamini mbele ya kadhi) kuwa wasichana wa Kocha Mwanaidi wanashinda mbio kwa sababu anawapaka mafuta ya nguva. Ndiyo, nguva, yule mnyama wa baharini asiye na mguu hata mmoja. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, masomo ya jioni, cheti kimo kwenye fremu sebuleni, na bado sikuwahi kujiuliza mnyama asiye na miguu atampaje mtu mbio.

Habari hiyo ilizagaa Bagamoyo nzima, maana Kocha Mwanaidi alikuwa tishio. Alianza na wasichana wa chuo chetu zamani wakikimbia na kanga kiunoni, akazunguka baraza moja baada ya nyingine kuwabembeleza wazazi waliosema mtoto wa kike hakimbii mbele za watu, akawashonea kwa mkono wake suruali ndefu za kubana ili asiwepo wa kusema mapaja yako nje, akawakimbiza alfajiri kwenye mchanga mgumu wa pwani maji yakipwa. Wakatoka humo wauguzi, walimu na askari, na vikombe vikajaa ofisini kwa mkuu wa chuo mpaka (kweli tupu) mkuu akawa anaingilia dirishani. Sasa mwanamke mmoja ashinde hivyo kila mwaka bila kitu? Watu wakachungulia: kabla ya mbio kuna chupa, wasichana wanajificha nyuma ya kanga wanajipaka, kisha wanainama wanasugua viganja kwa mchanga. Basi, ndilo hilo! Mafuta yananukia nazi? Tukaambiana kwamba nguva akichemshwa vizuri hunukia nazi. Siku moja nilimuuliza nahodha wao, Tunu, akacheka akasema, "Siri ya kambi hiyo, Anko Shomari," nami nikahesabu kuwa nimethibitishiwa.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la chuo. Mwaka ule wa mkasa, mkuu wa chuo alishamwambia Kocha mbele yetu sote: kombe likija, kikosi cha wasichana kinabaki, lisipokuja, kikosi kinavunjwa, uwanja unakuwa maegesho ya magari, na yeye Kocha akapumzike nyumbani.

Tukaondoka kwenda Lugoba kwenye mashindano. Tulipofika Msata nikasimama ninunue mahindi ya kuchoma (njaa yangu ndiyo chanzo cha yote), Kocha na wasichana wakashuka kujinyoosha, nikavuta mfuko wangu chini ya kiti, nikavuta na wa Kocha bila kujua, chupa ikaanguka, kifuniko kikaenda huku, mafuta yakaenda kule, tone halikubaki. Hapo mtu mwenye akili angesema, "Kocha, samahani, nimemwaga." Basi. Mimi nikaona nimemwaga kombe lenyewe, na mfukoni mwangu mlikuwa na dumu dogo la mafuta ya papa niliyonunua Mlingotini ya kupaka mashua ya mjomba. Nikapiga hesabu zangu za masomo ya jioni: nguva wa baharini, papa wa baharini, tena papa ana mbio kumshinda nguva. Nikajaza chupa, nikafuta sakafu kwa tambara, nikala mahindi yangu kwa raha kama mtu aliyeokoa taifa. (Baiolojia nilipata F, sasa mnajua kwa nini.)

Lugoba, mpaka alasiri tulikuwa sawa kwa pointi na chuo kimoja cha bara, zikabaki mbio za kupokezana vijiti ziamue. Kocha alikuwa ng'ambo ya uwanja na waamuzi, akanipungia mkono niwapelekee wasichana chupa. Nikawapa, nikageuka upande kwa adabu.

"Anko, mbona yananuka hivi?" Tunu akauliza.

"Ya fainali hayo. Jipakeni mpaka viganjani, Kocha kasema."

(Kocha hakusema. Nilisema mimi.)

Nzi wa Lugoba wakaitana, wa Chalinze wakaja kwa mwaliko. Mshabiki mmoja akapaza sauti, "Nyie Bagamoyo, mmekuja kukimbia au kuuza samaki wa ng'onda?" Uwanja ukaangua kicheko. Tunu akainama achote mchanga asugue viganja kama desturi yao, nami nikamdaka mkono. "Usiguse mchanga wa watu!" Maana akilini mwangu mchanga wa kwetu hutia nguvu, wa ugenini huinyonya. Akafungua mdomo anijibu, kipaza sauti kikawaita, wakakimbilia mstarini.

Wa kwanza aliwaacha wenzake umbali wa kutoka hapa mpaka Pangani. Kwa wa pili kijiti kiliyumba, kwa wa tatu kikashikwa kwa kucha, na kilipomfikia Tunu kikaruka kama samaki mkunga anayetoka kwenye mtego wa dema. Akarudi akakiokota, kikamponyoka. Akakiokota tena, kikateleza, kikaingia kwenye beseni la mama wa mihogo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na wenzetu wakawa wanapita, mmoja, wawili, wote. Tunu akakitoa kwenye mihogo, akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama kichanga, akakimbia hivyo hadi mwisho, wa mwisho, analia.

Kocha akamwendea, akakichukua kijiti, akakinusa. Kisha akanyanyua macho akanitafuta mimi, ng'ambo yote ile. Tulirudi madirisha wazi, mbwa wa Msata wakitusindikiza.

Mkuu alitimiza ahadi yake. Pale walipokuwa wakipasha misuli ndipo ninapoegesha gari kila siku, kwa mikono yangu hii. Tunu aliacha kukimbia. Nikikutana naye sokoni ananiamkia, "Shikamoo, Anko," na adabu ile huniuma kuliko tusi. Nimeapa, nikimwaga kitu cha mtu nitasema nimemwaga, hata kiwe maji ya kunawia.

Ilinichukua muda kupata uso wa kwenda kwa Kocha. Nilimkuta uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Shomari. Karibu, kaa."

Nikamweleza yote, kuanzia mahindi hadi papa, na imani yangu ya nguva. Nilingoja anicheke au anifukuze. Akaendelea kukuna.

"Nguva," akasema. "Miaka yote ile, kumbe mnasema nguva."

"Kila mtu alisema, Kocha."

"Na alfajiri nani alikuwa anatupeleka ufukweni?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa nalala garini, Kocha."

Akakung'uta kifuu, akachukua nusu nyingine ya nazi.

"Yalikuwa mafuta ya nazi, Shomari. Suruali zile zilikuwa zinawachubua mapaja. Na mchanga ni wa kutoa mafuta viganjani, kijiti kisiteleze."