Mkataba wa Mwalimu na Msusi

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Vita, na msidhani ni kwa ukali. Hakuwahi kumchapa mtu hata kofi. Alifundisha historia, na katika historia yote kilichomnogea ni kimoja: jinsi mataifa makubwa yalivyofungana kwa mikataba mpaka yakashindwa kufunguka. Akifika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, chaki ilikuwa haimtoshi. Mrithi wa kiti cha enzi kapigwa risasi, Austria anamkaba Serbia, Urusi anasema, "Huyo ni ndugu yangu!" Mjerumani anasema, "Na huyu ni wangu!" Mfaransa ana ahadi na Urusi. Ubelgiji, masikini, aliyekuwa njiani tu, anakanyagwa, na Mwingereza aliyeahidi kumlinda naye anavua koti. "Mnaona?" Mwalimu angeuliza, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. "Mmoja kakohoa, ukoo mzima umelazwa!"

Mwanamke aliyeyajua hayo yote, jamani, ndiye aliyekwenda kufunga mkataba na msusi. Mganga hajigangi.

Saluni ya msusi ilikuwa chini kabisa ya jengo lao, na Mwalimu alikaa juu yake, chumba na sebule na roshani. Zamani mwenye nyumba alipotaka kumtoa msusi kwa nguvu, Mwalimu alishuka na kanga yake ya nyumbani, akasimama mlangoni, akamsomesha mwenye nyumba mpaka akasahau alichokuja kutafuta. Jioni ile wawili hao wakanywa chai, wakaapiana. "Kuanzia leo," Mwalimu akasema, "atakayekugusa wewe kanigusa mimi. Na adui yako simsalimii, simpi kazi, na sherehe yake siendi." Hayo ya sherehe msusi hakuyaomba. Mwalimu aliyaongeza mwenyewe, maana mikataba ya wakubwa ilikuwa na vifungu vya siri, na yeye hakujua kufanya jambo nusunusu.

Miaka ikapita, mkataba ukalala. Fundi cherehani akahamia mlango wa pili, na mwanawe wa kiume, fundi bomba, akapanda ngazi kurekebisha sinki la Mwalimu. Sinki lilipona siku ileile, lakini kijana aliendelea kulikagua kila wiki, hasa binti wa Mwalimu anapokuwa nyumbani. Binti alikuwa muuguzi. Posa ikaletwa, ikapokelewa kwa vigelegele, harusi ikapangwa Jumamosi.

Hapo ndipo bango likaanza visa vyake. Lilikuwa bango la mbao la fundi cherehani, limechorwa gauni, na kila asubuhi lilikuwa limesogea kidogo kuelekea mlango wa saluni. Lina miguu? Halina. Msusi akavumilia, akanuna, akasonya. Jumatatu ya wiki ya harusi, mvua ikinyesha, akalinyanyua, akalilaza kifudifudi juu ya mtaro, na wateja wake wakapita juu yake kwa raha zao.

Fundi cherehani hakupiga kelele. Alivuka njia kwa mshirika wake, fundi viatu, na kuanzia saa hiyo fundi viatu hakushona kiatu cha mtu yeyote aliyetoka kusukwa. Msusi naye akamwendea anayechaji simu, na simu ya fundi viatu ikazimika ikabaki kipande cha kioo tu. Shemeji yake fundi viatu akaacha kusalimia. Muuza mikate, asiye na ugomvi na nzi, alikaa katikati, basi akachukiwa na pande zote mbili. Kufikia Alhamisi watu walikuwa hawasemeshani na hawakumbuki gauni wala bango.

Mwalimu alifurahi kama aliyeletewa somo mlangoni. Alimweleza mumewe, fundi umeme mstaafu, kila hatua kwenye ramani. Furaha ikakatika Alhamisi jioni, msusi alipobisha hodi.

"Shoga, Jumamosi huendi."

"Harusini kwa mwanangu?"

"Sherehe ya adui yangu. Mama wa bwana harusi ni nani, si yule? Maneno ni yako. Mimi sikuyaomba."

Mwalimu akamgeukia mumewe.

"Mimi ni Uswisi," mzee akasema, akabeba kikombe chake akahamia chumbani.

Binti alirudi kutoka zamu akiwa amevaa viatu vyeupe na macho mekundu. Habari zilikuwa zimemfikia hospitalini. "Mama mkwe anasema usipotokea, atajua umesimama na saluni dhidi ya nyumba yao. Na mama mdogo wa saluni anasema ukitokea, hanisuki tena." Akakaa kitini, akalia waziwazi. "Mama, naolewa mara moja. Wewe utakuwa umekaa wapi?"

Aibu ilimshika Mwalimu. Usiku kucha aligeuka kitandani akitafuta mlango wa kutokea, na alfajiri akaupata. Akashuka saluni kabla haijafunguliwa.

"Shoga, nisikilize. Kabla ya vita vile, Italia alikuwa na mkataba na Mjerumani na Austria. Vita vilipoanza hakwenda. Akawaambia, niliahidi kuwatetea mkishambuliwa, na hapa mlioanza ni nyinyi. Sasa nani alilaza bango la mwenzie mtaroni?"

Msusi aliendelea kuchambua nywele kwa kitana. "Na huyo Italia, baadaye?"

Mwalimu angeweza kudanganya, lakini historia kwake ilikuwa haidanganywi. "Mwaka uliofuata alihamia upande wa pili."

"Ahaa! Basi hama leo, nisikae nakungoja." Kitana kikatupwa mezani. "Mimi sijui mambo ya Italia. Najua Jumatatu nilipoinua lile bango nilisita. Nikatazama juu. Wewe ulikuwa roshani, unacheka, unanipungia mkono. Nikasema, kumbe niko na mtu. Nikalilaza. Ungenikunjia uso tu, ningelirudisha."

Loh! Mwalimu alisimama palepale. Miaka yote alikuwa akiwafundisha watoto kwamba Austria asingethubutu kama Mjerumani hangemwambia fanya utakalo, nipo nyuma yako. Alikuwa akiuliza swali hilo kwenye mtihani, na aliyelikosa alimpigia msalaba mwekundu.

"Umesema kweli," akasema. "Nimekuponza, mwenzangu. Nisamehe."

Hakungoja jibu. Akaingia mlango wa pili. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni la harusi, anapunguza pindo, pini mdomoni.

"Mkwe wangu, lile bango niliyelilaza ni mimi."

Fundi akatoa pini moja moja. "Wewe? Nilimwona yule kwa macho yangu!"

"Yeye alitoa mikono. Mimi nilitoa kiburi, kutoka juu, nikiwa mkavu. Kama ni kununa, ninunie mimi, lakini mtoto aolewe na asukwe."

Fundi alikaa juu ya visigino vyake. Hakuwa na hasira tena, alionekana kama mtu aliyefumaniwa. "Mkwe wangu, na mimi nikwambie. Mbao ile nzito. Peke yangu ningeisogeza mara moja nikakoma. Lakini kila asubuhi fundi viatu alikuwa akiniambia, sogeza, mama, sogeza, watakufanya nini na mimi nipo?"

Wakageuka wote wawili kutazama ng'ambo. Fundi viatu, aliyekuwa amenyoosha shingo asipitwe na neno, aliinama ghafla chini ya meza yake akaanza kutafuta msumari.

Fundi cherehani akajinyanyua, akafika mlangoni, akaita kwa sauti ambayo jengo zima lilikuwa halijaisikia tangu Jumatatu. "Msusi! We msusi! Hebu njoo umpime bibi harusi kichwa, shela lisije likambana!"

Saluni ikajibu, bado imenuna, "Nakuja. Lakini si kwa ajili ya Mwalimu!"