Kivuli cha Mbooni

Baada ya soko la Tawa barabara ilianza kujikunja na kupanda, na Yurub akafunga kioo. Kwao Kyuso kioo cha gari hufungwa kwa sababu ya vumbi. Hakuwahi kukifunga kwa sababu ya baridi. Nyuma, mbuzi walisukumana kila kona. Vishamba vya mahindi vilining'inia kwenye miteremko, na watu walipanda vijia wakiwa wameinama kana kwamba wametafuta kitu wakakikosa. Mwaka jana labda angeyatazama hayo yote. Sasa alitazama barabara tu.

Pikapu ilikuwa ya mumewe, Aftin, ambaye alifariki kabla ya mvua. Eda ilipokwisha, shemeji yake Sharmarke alikuja, akanywa chai, kisha akasema lililomleta.

"Shemeji, nenda safari moja tuone. Ukinipigia simu nije kukuvuta, basi, ufunguo unakuja kwangu. Nitaitafutia dereva."

"Sawa," alisema Yurub. Siku hizo alisema sawa kwa kila kitu. Lakini alijua kwamba bila pikapu, yeye na binti yake Safa wangekuwa watu wa kuletewa sukari.

Mchinjaji wa Mbooni alishusha mbuzi wote jioni ile, na maparachichi ya kurudi nayo Kyuso yakapakiwa papo hapo. Kalunde, mwanamke mwenye vyumba vya wageni, alimwonyesha uwanja wa kuegesha. Magari mengine yalikuwa upande wa juu, karibu na lango, pua zikitazama bonde. Yurub aliyapita. Kona ya chini kabisa, mbele ya ukuta, palikuwa na mti mkubwa, na mtu wa Kyuso akiona kivuli haulizi. Aliingiza pikapu pale, tena akafunika dashibodi kwa leso ili jua la asubuhi lisiichome.

Asubuhi jua halikuja. Ulikuja ukungu, na manyunyu yasiyo na sauti. Yurub alipowasha, injini ilizunguka kwa nguvu, ikatoa moshi mweupe, ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa.

Kalunde alitoka na kikombe cha chai, shuka mabegani. "Aiya! Mama Safa, gari umeificha jua? Huku jua tunalitafuta kwa tochi! Hukuona wenzako wanaangalia bonde? Asubuhi mtu anaachilia breki tu, gari inawaka ikishuka. Sasa hii yako, na mzigo huo, nani ataisukuma mpaka juu?"

"Sikujua."

"Pigia watu wenu simu basi."

Simu ilikuwa mfukoni. Yurub aliigusa, akatoa mkono. "Nitafutie fundi," alisema.

Fundi Musyimi alikuja na koti zito na kofia ya sufu iliyofika kwenye nyusi. Hakufungua boneti. Alikwenda kusimama nyuma, kwenye ekzosi.

"Washa, mwaitu." Alimwita mama kwa Kikamba, ingawa alikuwa na umri wa kumzaa. Akanusa moshi. "Betri iko sawa, inazungusha vizuri. Dizeli inafika. Huu moshi mweupe ni dizeli mbichi, haijachomeka. Injini inasikia baridi, basi."

"Hata mimi," alisema Yurub.

Musyimi akacheka. Yurub hakuwa amefanya mzaha.

"Ukifungua ufunguo, kuna taa ya manjano inawaka, imejikunja kama springi?"

"Iko."

"Unangoja izime?"

"Hapana." Aftin ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye uwanda wa Kyuso, na siku ya kwanza aliuliza kuhusu taa hiyo. Aftin alicheka. Hiyo ni taa ya watu wa milimani, alisema, iache ijiwakie.

Musyimi sasa alifungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya mipira ya maji, akavuta waya mmoja. Ncha yake ilikuwa imekatwa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. "Huu ndio unaopeleka moto kwa hita plagi. Zile penseli nne zinazopasha injini kabla haijawaka. Nani alifunga hivi?"

Yurub alikitambua kifundo. Kilikuwa kile kile Aftin alichofungia miguu ya mbuzi, kinachokaza kikivutwa.

"Mwenye gari."

Musyimi alizijaribu plagi kwa balbu ndogo aliyoiunga kwenye betri. Mbili ziliwasha balbu, mbili hazikuiwasha. "Alifanya akili, huyo mzee. Ziliharibika, zikawa zinakula betri bure, na joto la kwenu linaamsha injini lenyewe. Lakini mwambie huku si Kyuso!"

"Nitamwambia," alisema Yurub.

Kalunde alimtazama, akatazama ndani ya kikombe.

Musyimi alileta plagi mbili kutoka injini kuukuu iliyolala karakanani kwake. Alizifunga, akakata kifundo kwa kisu, akaunga waya. Ukanda wa tyubu ukabaki kiganjani mwake.

"Nitupe?"

"Tupa."

Yurub aliingia, akaondoa leso kwenye dashibodi, akafungua ufunguo. Taa ya manjano ikawaka. Hapo simu ikalia.

"Shemeji," ilisema sauti ya Sharmarke, "bado uko huko juu? Umekwama?"

"La. Nangoja taa izime."

"Taa gani? Hiyo gari haina haja ya taa, Aftin alikuwa akiiwasha tu..."

"Huku inangojwa," alisema Yurub. Aliiweka simu kitini bila kuikata. Taa ikazima. Akazungusha ufunguo, injini ikatikisika mara moja, ikashika. Alisubiri kitu fulani kifuani, furaha au kilio. Hakikuja. Akakunja leso, akatia gia ya kurudi nyuma.

"Ni muvea, fundi," alisema, ndiyo asante ya Kikamba. "Kwaheri, mama."

Pikapu ilipanda hadi langoni, ikageuza pua kwenye bonde, ikamezwa na ukungu. Musyimi na Kalunde walibaki wakisikiliza muungurumo ukishuka kona baada ya kona. Chini ya mti ulibaki mraba mmoja wa udongo mkavu, na manyunyu yalikuwa yameanza kuufunika.

"Huyo mzee wake," aliuliza Musyimi, "ni mkali?"

"Nadhani hayupo tena," alisema Kalunde.