Panga Usoni pa Mjomba

Mama alishuka kutoka mlimani asubuhi, akaingia kwenye stesheneri yangu mjini Morogoro na picha aliyoifunga ndani ya kitenge. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti iliyokauka kwa kulia. Mjomba, kaka yake wa pekee, alikuwa amefariki na angezikwa kesho yake. Mama alitaka sura yake iwekwe juu ya jeneza. Ile ya kwenye kitambulisho aliikataa. Alisema humo kaka yake alitoka kama mwizi aliyekamatwa. Iliyobaki ilikuwa hii tu.

Niliifahamu. Ilipigwa siku ya komunyo yangu ya kwanza, mbele ya nyumba yetu huko milimani juu ya Mkuyuni: mimi na shati jeupe, mama, baba, na mjomba, ambaye bado alikuwa kijana, baba kamwekea mkono begani. Mpasuko ulianzia kwenye paji la uso la mjomba ukashuka hadi mdomoni. Pembeni kulikuwa na doa la damu iliyogeuka rangi ya kahawia.

"Itatengenezeka?" mama aliuliza.

Nilimwambia nitajaribu. Niliipitisha kwenye skana, nikaukuza uso wa mjomba mpaka ukajaa kioo cha kompyuta. Hapo Jumapili ile picha ilipopasuliwa ikanirudia yote.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa mwangalizi wake. Baba alikuwa ameoa tu pale. Alipanda mikarafuu kwenye shamba la ukoo, akaihangaikia miaka mpaka ikazaa, kisha akasikika kilabuni akisema ataliuza shamba na miti yake. Mjomba alikuja kumwambia athubutu aone. Baba alikuwa amelewa. Alimgeukia mama, akamuuliza yeye yuko upande gani. Mama alijibu kwamba shamba ni la bibi aliyemzaa mama yake.

Baba alimpiga ngumi. Mama aliangukia mafiga, chungu cha maharage kikammwagikia mapajani. Mjomba alinyakua mpini wa jembe akamtwanga baba mgongoni, akaendelea kumtwanga mpaka baba akapiga magoti. Nilidhani yamekwisha. Baba aliinuka na panga.

Mjomba alirudi kinyumenyume hadi ukutani, pale picha ilipotundikwa. Pigo la kwanza alilikwepa. Lilipasua kioo, likachana picha, likakwama kwenye udongo wa ukuta. La pili alilikinga kwa mkono. Vidole viwili vilianguka karibu na miguu yangu, kimoja kikiwa bado na udongo wa shamba kwenye ukucha.  Mjomba aliguna kama mtu anayejitwika gunia, akavua shati akafunga mkono, akateremka peke yake kwenda zahanati ya misheni. Jioni ile baba alihama, akaenda Turiani kukata miwa.

Doa na mikwaruzo viliondoka bila shida. Nilichukua ngozi ya shavu lililokuwa zima nikazibia palipopasuka. Tatizo lilikuwa mdomo: karatasi ilikuwa imemomonyoka, hapakuwa na kitu cha kunakili. Kila nilichokichora mama alikitikisia kichwa. Mwishowe alinishika kidevu, akanigeuza nielekee mlangoni kwenye mwanga.

"Jipige picha," alisema. "Mdomo wake ndio huo wako."

Nilijipiga, nikauweka. Ulikaa. Ulibaki mkono wa baba, juu ya bega la mjomba.

"Ukate," mama alisema.

Niliukata, kidole baada ya kidole.

Kesho yake, padri alipomaliza sala kaburini, baba alitokea kwenye migomba. Sijui nani alimpa taarifa. Alikuwa mzee, kofia mkononi, akaomba atupe udongo kama wengine. Kaka zangu, watoto wa mama mkubwa, dada yake mama, walimkwida shati wakamburuta nyuma ya migomba. Walimpiga kwa fimbo na mateke. Nilipofika alikuwa amejikunja chini, damu ikimtoka sikioni. Mmoja wao alinitia mpini wa chepe mkononi.

"Wewe ndiye mpwa uliyemwona akikatwa," alisema. "Mmalizie."

Baba alinitazama. Mikono yangu ilitaka, sitasema uongo. Niliutupa ule mpini migombani, nikamlalia baba juu. Pigo lililofuata lilinivunja bega, nikasikia mfupa ukilia. Ndipo mama alipokuja akiwakemea, nao wakaacha.

Hospitalini mjini tulilazwa vitanda vinavyopakana. Baba alijaribu kuzungumza, nikageukia ukuta. Sikumkinga kwa mapenzi, na mpaka leo sijui nilimkinga kwa nini. Alipopata nafuu alirudi Turiani bila kuaga. Kaka zangu hawanisemeshi. Wanasema nimemsaliti marehemu. Mama akipiga simu huuliza habari za bega langu, na akishajibiwa hukata.