Noti Nane za Kijiti

Selo ni fidla kubwa unayoipiga ukiwa umekaa, umeibana kwa magoti. Okestra ya shule yetu ilikuwa na selo mbili tu, yangu na ya Kijiti, rafiki yangu, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake. Tulisoma karatasi moja ya muziki. Ukurasa ukikaribia kwisha, mmoja huacha kupiga ili aufungue, mwenzake anaendelea. Mfunguaji nilikuwa mimi. Kwa hiyo zile noti nane za mwisho wa ukurasa sikuzijua kabisa, na sikujali. Za nini, na Kijiti yupo?

Baba yake akahamishwa kikazi. Siku ya kuaga, Kijiti alikifuta kiti chake kwa mkono wa sweta.

"Nishikie hiki. Muhula ujao narudi."

"Atakayekikalia nitamng'ata," nikamwambia. Tukacheka.

Tangu hapo, kila tukifika mwisho wa ukurasa, mkono wangu uliikimbilia karatasi kwa mazoea, na selo ikawa kimya. Mwalimu wa muziki akachoka.

"Shimo lile lile! Jumatatu nakuletea mmoja wa fidla akae hapo."

"Mwalimu, naomba usimlete mtu. Nitazikariri zile noti nane, halafu ukurasa niufungue mapema, pale selo zinapopumzika."

"Haya. Wiki mbili, hakuna nyongeza."

Kila mapumziko nilijifungia kwenye stoo ya muziki, kati ya ndoo na mafagio, huku wenzangu wakipiga kelele uwanjani. Afadhali noti zenyewe zingekuwa ngumu. Zilikuwa nyepesi mno, ila zilikuwa za Kijiti, na kila nilipozipatia nilihisi kama namwibia. Mama aliponiuliza mbona siku hizi nimenuna, nilimwambia vidole vinaniuma. Uongo mtupu. Nilikuwa mpweke, basi, na sikujua mtu anamwambiaje mama yake jambo kama hilo. Barua ya Kijiti ilikuja mara moja. Alisifia shule mpya kurasa mbili nzima, na ya kurudi hakuyagusa. Nikajiambia amesahau tu kuandika.

Haba na haba, noti zikakaa kichwani. Wiki mbili zilipotimia tulipiga wimbo mzima. Niliufungua ukurasa mapema, nikazipiga zote nane, na shimo halikusikika. Mwalimu alisimamisha okestra nzima.

"Mmemsikia? Kumbe peke yake anaweza!"

Alifurahi kwelikweli, maskini, wala hakuwa na nia mbaya. Akaja mpaka nilipokaa, akakikunja kiti cha Kijiti, akakitia kwapani.

"Sasa huhitaji mtu hapa. Jinafasi."

Akakipeleka kwa watoto wapya wa fidla, waliokuwa wamepungukiwa. Nilitaka kumwambia kina mwenyewe. Lakini okestra nzima ilikuwa inanipigia makofi, na ilibidi nitabasamu.