Mpokea Simu na Mafriji ya Chanjo

Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kupokea simu. Kampuni yao ilikagua na kutengeneza mafriji ya chanjo katika zahanati arobaini na moja, na lolote likiharibika, yeye ndiye aliyeambiwa. Aliliandika kwenye daftari kubwa, na kesho yake mafundi waliondoka kwa kufuata daftari: aliyepiga mwanzo alifikiwa mwanzo. Ndivyo walivyoukuta utaratibu, na hakuna aliyewahi kuugusa.

Fundi mzee kuliko wote, ambaye walimwita Spana kwa kuwa hata harusini alikwenda nayo mfuko wa nyuma, ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja aliegemea meza ya mpokea simu, mkono mmoja kiunoni.

"Jumatatu nimekwenda bondeni," alisema. "Jumanne mkanipeleka mlimani. Jana mmenirudisha bondeni, zahanati inayotazamana na ile ya Jumatatu. Dada yangu, nimewakosea nini?"

"Si mimi, baba. Ni daftari."

"Basi kesho lipande gari lenyewe."

Walicheka, lakini neno lile lilimkaa. Jioni alimsimulia mama yake, ambaye alikuwa mshonaji hadi macho yalipomgomea.

"Mimi nguo za watu nilizipeleka mtaa kwa mtaa," mama alisema huku akimenya viazi. "Ningemfuata kila aliyepiga kelele, ningeshona saa ngapi?"

Jumamosi mpokea simu alitandaza ramani ya wilaya kwenye meza ya kulia, akachomeka pini arobaini na moja, akazifunga kwa uzi wa cherehani zile zilizokaribiana. Yakapatikana mafungu saba. Kila fungu lilipewa siku yake ya ukaguzi, na gari moja kati ya matatu likaachwa bila ratiba kwa ajili ya dharura. Meneja, mtu wa maneno machache, aliizunguka ramani mara mbili.

"Jaribu mwezi mmoja," alisema.

Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda kama maji. Ya nne, kabla ya saa sita mchana, Spana alipiga simu.

"Dada, ile zahanati yako ya pili naiona. Naona mpaka mashuka waliyoanika nyuma."

"Vizuri. Basi umeshafika."

"Sijafika. Kati yangu na hayo mashuka kuna mto. Daraja la magari liko mwendo wa saa mbili kutoka hapa."

Alitazama ramani. Pini mbili zilikuwa zimeachana upana wa kidole, na katikati ulipita mstari mwembamba wa bluu ambao hata hakuufikiria. Uso ulimwaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Spana hakufoka.

"Ungeniuliza tu," alisema yule mzee kwa upole. "Ningekwambia."

Ng'ambo ya pili, muuguzi alikuwa ameshahamishia chanjo zote kwenye maboksi ya barafu tangu asubuhi, akimngoja fundi. Mpokea simu alimpigia mwenyewe, akamweleza kosa lilikuwa la nani.

"Barafu yangu itadumu mpaka jioni," muuguzi alimjibu. "Mwambie azunguke taratibu, asikimbize gari."

Spana alifika saa tisa alasiri, na hakuna chupa iliyoharibika. Hata hivyo, kesho yake mpokea simu aliomba mtu wa kumshikia simu, akavaa viatu vya kufunga kamba, akapanda gari pamoja na Spana. Walizunguka wiki nzima. Aliandika barabara gani inajaa maji mvua ikinyesha, kilima gani gari hupanda likikohoa, zahanati gani hufungwa mapema siku ya gulio. Umbali aliacha kuupima kwa rula, akaupima kwa saa.

Siku ya tatu, wakisubiri ng'ombe wavuke barabara, Spana alizima injini.

"Nilishaandika barua ya kuacha kazi," alisema akiangalia mbele. "Iko ndani ya begi."

"Kwa ajili ya mgongo?"

"Mgongo ningeuvumilia. Mke wangu alipooza upande mmoja mwaka jana. Kila alasiri anatakiwa afanyishwe mazoezi ya kutembea, na anayemshika mkono ni jirani. Mimi nafika ameshalala."

"Mbona hukusema ofisini?"

"Ningemwambia nani? Daftari?"

Ng'ombe wa mwisho alivuka, wakaendelea na safari.

Wiki iliyofuata mafungu saba yaligeuka tisa, na mto ulipata fungu kila upande. Mafundi wote wanne walikaa mbele ya ramani na kubishana mpaka chai ikapoa, na kila mmoja aliondoka na upande aliokuwa akiujua. Spana alipewa zahanati zilizozunguka kwao, kiasi kwamba siku nne kati ya tano alikuwa nyumbani kabla ya saa kumi. Ile barua mpokea simu hakuiulizia tena, na Spana hakuileta.

Mwezi ulipokwisha meneja hakutoa hotuba. Aliajiri mtu mwingine wa kupokea simu, akamsogezea yule wa zamani meza karibu na dirisha, awe anapanga safari.

Baada ya kama nusu mwaka, gari lilisimama mlangoni mchana kweupe. Spana alishuka, akazunguka kufungua mlango wa upande wa pili, kisha akasimama tu, mikono ikining'inia, akijizuia kusaidia. Mkewe alishuka mwenyewe na mkongojo wake, akapanda ngazi tatu za ofisi akipumzika kila moja.

"Wewe ndiye unayenirudishia mume mapema?" alimuuliza yule aliyekuwa mpokea simu.

"Ndimi, mama. Karibu ukae."

"Nakushukuru sana, mwanangu," alisema akijiweka kitini taratibu. "Ila siku hizi anataka na kupika. Huyo mumpangie angalau Jumatano achelewe, nile chakula cha maana."