Boti Yetu Kwenye Tope

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Kibiti yalijaa sabuni na redio, lakini zahanati ya Mbwera ilikuwa na kabati tupu na mhudumu aliyechoka kuomba radhi. Huko ndiko chuo chetu cha ustawi wa jamii kilikotupeleka wanafunzi sita kulijaribu somo jipya. Mihadhara ilikuwa imekwisha. Sasa tulipewa tatizo, tukae kikundi, tulichambue hatua kwa hatua, na kutenda kulikuwa hatua ya mwisho. Mwalimu wetu alitukanya kila siku tusikimbilie jibu. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na nilikipenda cheo hicho kuliko inavyofaa.

Siku ya tisa, asubuhi, alikuja mama mmoja kutoka mashambani, alikokuwa akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, analala na mwanawe kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti. Mtoto alikuwa mgongoni, wa kike, miaka miwili, anachemka homa. Alikwisha shikwa na degedege mara mbili. Mama aliomba boti yetu ya mashine impeleke Mohoro, akapate gari la kwenda hospitali.

Boti ilikuwa pale mkondoni, mafuta tele. Nikamwambia asubiri kidogo, tujadiliane.

Nasema kweli, nilifurahi. Siku nane tulikuwa tukihangaika na visa vya karatasi, sasa tumeletewa cha kweli. Tukaingia darasani, tukabandika karatasi kubwa ukutani: tunajua nini, hatujui nini. Mmoja akataka kwanza tuelewe wenyeji wanaaminije kuhusu degedege. Mwingine akauliza baba yuko wapi, na kama kutoa boti hakutawazoesha watu kutegemea wageni. Tulibishana kwa zamu na kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Nahodha wa boti alikuja mlangoni akakohoa. Nikamwashiria kwa mkono asubiri, naye akarudi kukaa, maana wasomi tulikuwa sisi.

Tulipotoka na uamuzi kwamba boti itolewe, maji yalikuwa yamekupwa na boti imelala ubavu kwenye tope. Tuliisukuma hadi tope likatufika mapajani. Haikusogea. Mama alikuwa amekaa palepale nilipomwacha. Mtoto alikata roho kabla ya alasiri, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi.

Alizikwa jioni ileile. Nilikwenda kumpa mama pole. Hakunipandishia sauti.

“Dada, mngeniambia hapana tu,” alisema, “ningekwisha pata mtumbwi.”

Baada ya siku nne alifika mtathmini na fomu zake. Alitaka kujua kama somo jipya linafaa, tulipe alama kuanzia moja hadi tano. Sote tuliandika tano. Tuliogopa kwamba alama ndogo ingekuwa aibu yetu kabla ya kuwa aibu ya somo. Palipoulizwa ni tatizo gani lililotufundisha zaidi, niliandika habari za yule mtoto kwa Kiswahili kizuri, nusu ukurasa. Mtathmini alivutiwa, akaomba zigeuzwe kisa cha kufundishia.

Kwa hiyo nilipoajiriwa chuoni hapo kuwa mkufunzi nilikikuta kikinisubiri. Mwaka wa pili nikapewa kazi ya kutathmini somo lenyewe. Nilikaa nyuma ya darasa na fomu mapajani, nikiwatazama wanafunzi wakibandika karatasi ukutani na kubishana kwa zamu juu ya kisa hicho. Nilikuwa nimekwisha kuzungushia tano mara kadhaa wakati binti mmoja aliyekuwa kimya alipogeuka kuniuliza.

“Mwalimu, siku hiyo maji yalikupwa saa ngapi?”

Nikamjibu kwamba kisa hakisemi. Kisa nilikiandika mimi, na saa ile niliiacha kwa makusudi.